Bi Zubeida na TV Kibogoyo

Mtoni, ukiuliza nani anapiga video za harusi upande wa wanawake, hata mtoto wa madrasa atakunyooshea kidole ule mlango wa kijani nyuma ya wauza mkaa. Ndipo anapokaa Bi Zubeida. Ana mdomo, na hilo atakwambia mwenyewe kabla watu hawajamuwahi. Shule aliishia darasa la tatu. Baba yake aliona inatosha, maana hesabu za duka keshazijua, na kuwaandikia wavulana barua ndicho kitu ambacho mzee hakutaka ajifunze.

Kazi ya video hakuitafuta. Marehemu mumewe, Mbwana, alirudi kutoka Maskati na kamera kubwa kama kinu, ya kuweka begani, akajipiga yeye na pikipiki yake, akachoka nayo. Wiki hiyo hiyo jirani alikuwa na singo ya binti yake. Sasa singo ni shughuli ya wanawake. Bibi harusi anakalishwa mkekani kavaa kanga tu, anasuguliwa liwa na manukato mwili mzima, na waliokuja wanavua mabuibui, wanafungua nywele, wanacheza mpaka jasho linawatiririka. Mwanaume haingii. Hata umeme ukileta ishu, fundi anaambiwa asimame nje aelekeze kwa mdomo. Basi mama wa bibi harusi akaiona kamera imelala pale kwa Mbwana, akasema, "Zubeida, si uibebe weye?" Akaibeba. Hajaitua mpaka leo.

Miiko yake inajulikana. Video haitumwi kwenye simu ya mtu. Haipandishwi mtandaoni. Haiachwi kwa fundi. Inatiwa kwenye flashi, flashi inatiwa kwenye kiganja cha mama wa bibi harusi, basi. Kanda zimekuja zikapita, sidii zimekuja zikapita, na hakuna mume Temeke nzima aliyewahi kumwona mke wa mwenzie kichwa wazi kwa sababu ya Bi Zubeida. Hilo ndilo jina lake. Na jina lenyewe lilikaribia kumponyoka kwa sababu ya herufi tatu.

Ilikuwa harusi ya Nasra, binti wa Bi Nawal. Bi Nawal huyu ana duka la vitambaa, ana kauli nzuri akiwa anauza na kauli nyingine akishauza. Bi Zubeida alikuwa kaletewa simu mpya na mwanawe anayeishi Maskati, simu inayopiga video kuliko kamera zote alizowahi kubeba. Akaipekua. Kwenye setingi akakuta pameandikwa HDR, na pembeni kidude cha kuwasha. Akawasha, akajaribia kwenye jiko lake la mkaa. Makaa yalivyong'aa mle kwenye kioo cha simu, unaweza kuota moto. Akaiacha hivyo hivyo.

Singo ya Nasra akaipiga yote kwa simu hiyo. Alipoikata na kuiunga nyumbani, akaitazama kwenye simu peke yake. Nasra ni maji ya kunde, na liwa ilikuwa imemkaa, ngozi inateleza kama mbegu ya ukwaju. Sare za wanawake, kanga za rangi ya chungwa zenye pindo la zambarau, zilikuwa zinawaka. Bi Zubeida hakulia. Machozi yake huwa anawawekea maiti. Lakini alisema, peke yake mle chumbani, "Hii ndiyo nzuri kuliko zote."

Siku bibi harusi alipotoka fungate, wanawake wa pande zote mbili wakakutana kuitazama. Wakakodi ukumbi wa Mama Felicitas, Mhaya mmoja mnene mwenye roho safi, aliyejenga ukumbi nyuma ya nyumba yake na kutundika ukutani TV pana kama kitanda. Anaipenda ile TV. Anaifuta kila asubuhi kabla hajanawa uso. Mapazia yakashushwa, mlango ukatiwa komeo, wanaume wakafukuzwa mpaka barabarani. Bi Zubeida akachomeka flashi.

Majivu.

Hakuna neno lingine. Picha ilikuja imepauka, kama nguo iliyolowekwa kwenye jiki ikasahaulika. Ukuta uliokuwa mweupe ulikuwa wa kijivu. Rangi ya chungwa ya sare imefifia. Na Nasra, pale mkekani, alionekana kama mtu aliyetoka kwenye gunia la unga.

Shingo zikageuka kumtazama Bi Zubeida. Halafu Bi Thureya, shangazi wa bwana harusi, mwanamke ambaye akija kwako kutoa pole unabaki na majonzi zaidi, akainua mkono.

"Hebu simamisha hapo. Mtoto tuliyemposa sie alikuwa maji ya kunde. Huyu kwenye TV ni maji ya nini?"

Wengine wakacheka, wale wasiojua waangalie wapi.

"Mkorogo huo," akaendelea Bi Thureya. "Mie siku ya harusi niliuona ule uso, nikanyamaza. Nikasema labda ni taa."

Nasra alikuwepo, kakaa mbele kapambwa, mikono imejaa hina na uso umejaa poda kiasi kwamba hata yeye mwenyewe asingejijua rangi yake. Akainamisha kichwa. Bi Nawal akasimama. Alikuwa na njia mbili tu: ama mwanawe anajichubua, ama mpiga video ameharibu. Hakuchukua muda kuchagua.

"Mwanangu hajawahi kushika mkorogo. Ni Bi Zubeida huyu. Macho yameshazeeka, haoni anachopiga. Mie kosa langu ni kumwonea huruma. Singo ya mdogo wake Nasra nampa Gladness wa Sinza."

Gladness wa Sinza ni msichana mwenye kamera na mataa yake, na kucha ndefu kama za kuku. Yeye naye ameanza kuingia shughuli za wanawake. Kila mtu pale alielewa: singo ya mdogo wake Nasra ikienda Sinza, nyingine zote zitafuata njia hiyo hiyo, na mlango wa kijani utabaki wa kuuzia ubuyu.

Bi Zubeida akachomoa flashi, akaifunga kwenye ncha ya kanga yake, akafunga fundo mara mbili.

"Huruma yako iweke utaihitaji," akasema. "Jumapili ijayo, baada ya Alasiri, mje hapa hapa. Wote. Na sare zenu mmevaa. Video itakuwa hii hii. Ikija na majivu, simu yangu namkabidhi huyo Gladness mbele yenu, na mie kwenye harusi zenu nitakaa jikoni na vijakazi nichambue mchele."

"Gladness nitamleta," akasema Bi Nawal.

"Mlete. Mwambie aje ameshiba, sitampikia."

Walipoondoka, Mama Felicitas akabaki anaipapasa TV yake. "Bibi, mie nakuambia ukweli wa Mungu, TV yangu haina shida. Jana vijana wameangalia mpira hapa, nyasi zilikuwa kijani mpaka unataka kufuga mbuzi."

Bi Zubeida akaitoa simu, akamwonyesha video ile ile mle ndani. Nasra anang'aa. Mama Felicitas akatazama simu, akatazama TV.

"Sasa mbona hapa mzuri?"

Hilo ndilo lililomkera. Simu nzima, TV nzima, video nzima. Ni kama zile ndoa za watu: mume hana neno, mke hana neno, ukiwaweka chumba kimoja sahani zinaruka.

Ansbert, fundi TV wa pale barabarani, akasikia habari, akaja mwenyewe na bisibisi. "Bibi shikamoo. Nipe hiyo flashi niiangalie, kitu kidogo tu hicho."

"Marahaba. Uangalie nini, mabega ya Nasra?"

Ansbert akarudisha bisibisi mfukoni.

Hapo ndipo penye ugumu. Mtu mwingine angepeleka video kwa fundi ikaisha. Yeye hawezi. Mle ndani mna wake za watu vichwa wazi, na mafundi wote anaowajua wana ndevu. Akakaa barazani na kikombe cha kahawa, akawaza mpaka kahawa ikapoa. Halafu akaingia jikoni. Akapanga juu ya meza nyanya, bilauri ya maziwa, kipande cha mkaa, kibakuli cha manjano, na nyuma yake akatundika kanga ya sare ya harusi ya Nasra. Akafungua dirisha mwanga uingie. Akapiga video, kwa simu ile ile, HDR ikiwa imewashwa vile vile. Nyanya hazina mume.

Akaitia kwenye flashi nyingine, akaenda nayo kwanza kwa Mama Felicitas. Nyanya zikaja kijivu, zimelegea kama zimechemshwa, maziwa kama maji ya kuoshea mchele. "Umeona," akasema Bi Zubeida, na akaondoka bila kueleza ameona nini.

Kesho yake akachukua bajaji mpaka Kinondoni. Kule ana mtoto wa kaka yake, anaitwa Haroub, ana duka la TV ambalo ukuta mzima unawaka. Bi Zubeida hajamsemesha Haroub tangu Mbwana alipofariki, kwa sababu siku ya mazishi Haroub alikuja, akazika, akala, kisha alasiri ile ile akaenda kufungua duka. Watu walimwona. Mtu mwingine angesahau.

Haroub alipomwona mlangoni akasimama haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Sijakusamehe. Nimekuja kwa ajili ya TV."

"Karibu shangazi, karibu ukae."

"Nitakaa nikichoka. Chomeka hii."

Haroub akachomeka kwenye TV ya karibu na mlango, ya bei ya chini. Majivu yale yale. Akachomeka kwenye ya pili. Hapo nyanya zikaja nyekundu, mbivu, na tone la maji juu yake linameta. Maziwa meupe. Mkaa mweusi, lakini unaona mpaka mistari yake. Wateja wawili watatu wakasogea.

"Nani kapiga hii?" akauliza mmoja.

"Mie. Usiulize maswali, tazama nyanya."

Haroub akaminya rimoti, akasoma maandishi yaliyotokea kwenye kona ya kioo. "Shangazi, simu yako inapiga HDR10+. Hiyo ishu yako naijua. HDR maana yake picha imebeba mwanga mwingi na rangi nyingi kuliko TV ya kawaida inavyoweza kuonyesha. TV inayoielewa inajua huu mwanga niuweke wapi, huu niushushe. Isiyoielewa inaipokea kama vile ni picha ya kawaida, haigeuzi kitu. Ndiyo inakuja imepauka hivi."

Bi Zubeida akafikiri.

"Kibogoyo umempa nyama ya kuchoma."

"Ehee."

"Nyama haina kosa."

"Haina."

"Na kibogoyo haumwi."

"Haumwi shangazi. Hana meno tu."

"Sasa hayo maneno uliyomaliza nayo pumzi ndiyo hayo tu," akasema Bi Zubeida, na hapo akakaa.

Ikawa kama darasa, lakini mwanafunzi ndiye anayegomba. Haroub akamwambia hizo HDR si moja. Ipo HDR10, ndiyo ya wengi. Maelekezo ya mwanga yanatolewa mwanzoni mara moja, TV inayafuata hayo hayo mpaka video inaisha. Ipo HDR10+, na ipo Dolby Vision. Hizo zinabadilisha maelekezo kila picha inapobadilika, gizani hivi, juani vile.

"Ya kwanza ni jiko la mkaa," akasema Bi Zubeida. "Ukishawasha umewasha, pika nalo. Hizo nyingine ni gesi, unapandisha unashusha."

"Hapo hapo. Sasa TV inayosoma HDR10+ inaweza isisome Dolby Vision, na hii nayo isisome ile. Ukiweka HDR10+ kwenye TV ya HDR10 tupu, haikasiriki. Inaacha maelekezo ya ziada, inashika yale ya mwanzo. Hata huko nyanya zako zingetoka. Lakini Dolby Vision nyingine ukikosea TV, angalia."

Akaweka kipande cha filamu yake mwenyewe. Akatokea mwanaume wa uso wa zambarau, nyuma yake ukuta wa kijani.

"Huyu kafanywa nini?"

"Hajafanywa kitu. Dolby Vision kwenye TV isiyoijua."

"Muondoe. Nitamuota."

Pembeni palikuwa na TV nyingine, mteja kashalishika boksi lake, na boksi limeandikwa HDR kwa maandishi ya dhahabu. Bi Zubeida akataka nyanya ziwekwe na pale. Zikatoka, si kijivu, lakini hazina uhai, zimefifia kama za juzi.

"Na hii? Si imeandikwa?"

Haroub akashusha sauti. "Hii shangazi inaipokea HDR, ila kioo chenyewe hakina mwanga wa kutosha kuionyesha."

Bi Zubeida hakushusha sauti. "Kumbe nyama inaipokea, meno ndiyo ya bandia."

Mteja akaliweka boksi chini polepole, akaenda kutazama nyingine. Haroub akafuta jasho. Pengine ilikuwa malipo ya siku ya mazishi, pengine ilikuwa ni ukweli tu. Kwa Bi Zubeida hivyo viwili vinakaa chumba kimoja.

"Yenye kuliwa na wote haipo?"

"Ipo. HLG. Ilitengenezwa kwa ajili ya vituo vya TV. TV yenye HDR inaiona kwa mwanga wake, na ya kawaida nayo inaionyesha vizuri vya kutosha. Hata kwenye setingi za simu yako imo, hii hapa."

"Uji," akasema Bi Zubeida. "Mwenye meno anakunywa, kibogoyo anakunywa. Kuanzia leo napiga uji. Lakini ya Nasra nimeshapiga nyama. Nifanyeje?"

"Niachie hiyo video, nakugeuzia sasa hivi iwe ya kawaida."

Akamtazama mpaka Haroub akakumbuka.

"Samahani shangazi. Basi nikuelekeze kwa nyanya, ya kwako utafanya mwenyewe."

Wakafanya kwa nyanya. Kwenye app yake ya kukatia video, mwishoni kabla ya kuitoa, kuna mahali pa kuchagua itoke HDR au itoke ya kawaida. Mara ya kwanza Bi Zubeida akaharakisha, akatumia njia ya mkato ambayo iliondoa tu jina la HDR bila kushusha mwanga. Wakaipeleka TV ya mlangoni. Majivu. Wakaipeleka ile nzuri. Majivu pia.

"Hapo umeyapikia majivu ndani," akasema Haroub. "Hii haitengemai tena, hata kwenye TV gani. Lazima app iushushe mwanga wenyewe, ipange upya rangi, ndiyo iitoe. Na ile ya asili usiiguse, iache ilivyo. Ukiharibu, unarudi kwake."

Akafuta, akarudia polepole, midomo ikisoma kila neno. Wakachomeka TV ya mlangoni, kibogoyo wa bei ya chini. Nyanya zikaja nyekundu. Si kama kwenye TV nzuri, ule mng'ao wa tone la maji haukuwepo. Lakini nyanya ni nyanya, maziwa ni maziwa, na kanga ya sare ilikuwa ya rangi ya chungwa na pindo la zambarau.

Bi Zubeida akachomoa flashi. "Biashara yako nzuri," akasema. "Usiifungue siku nikifa."

Nyumbani akafunga mlango, akaigeuza video ya Nasra mwenyewe. Simu ikapata moto kama pasi, akailaza mbele ya feni, akakaa kitako kando yake kama anayeuguza mgonjwa. Alitaka akaijaribu kwa Mama Felicitas mapema, lakini ukumbi ulikuwa na kwaya, wageni kutoka Bukoba, kila siku wanaimba. Kwa hiyo Jumapili alikwenda na flashi tatu, na imani yake yote ilikuwa kwenye nyanya.

Wakaja wote. Watu hawakosi shughuli ya kumwona mtu anaanguka. Sare zimepigwa pasi, rangi ya chungwa tupu ukumbi mzima. Bi Nawal kaja na Gladness, kakaa naye mstari wa mbele na begi la kamera mapajani. Nasra kakaa nyuma, pembeni, amejifunika. Bi Thureya kachagua kiti cha katikati kabisa, kama anayetazama mpira.

Mapazia, komeo. Bi Zubeida akachomeka flashi ya kwanza. Nyanya za kijivu.

"Bi Zubeida," akasema mmoja, "tumevaa sare kuja kutazama mboga?"

"Hizi nyanya nimenunua sokoni, nimeziweka mezani kwangu. Bi Thureya, weye mjuzi. Hebu tuambie, na zenyewe zinapaka mkorogo?"

Kicheko kikapita. Bi Thureya akabenua mdomo. "Nyanya sijazitolea mahari."

"Haya." Akachomeka flashi ya pili, video ya Nasra, ile ya siku ile, majivu vile vile. Bi Thureya akaanza kucheka, akamgeukia Bi Nawal. Bi Zubeida akaiacha iende. Ikampita Nasra, ikawapita wapiga ngoma, ikafika kwenye mstari wa waliokuwa wanacheza. Akasimamisha.

Pale kwenye TV pana kama kitanda alikuwa Bi Thureya mwenyewe, kafungua nywele, mikono juu, kiuno huku, kiuno kule. Uso mweupe kama maiti. Shingo nyeupe. Mikono myeupe mpaka kwenye viwiko.

"Huyu nani?" akauliza Bi Zubeida.

Akaunyooshea kidole ule uso kwenye kioo.

"Nauliza, maana macho yangu yamezeeka. Huyu mwenye mkorogo mpaka masikioni ni nani?"

Kwanza alicheka Mama Felicitas, kule nyuma, kicheko cha mtu mnene kinachoanzia magotini. Halafu ukumbi mzima. Siku ile kila jicho lilikuwa kwa Nasra, hakuna aliyejitazama mwenyewe. Sasa wakaanza kuonyeshana. "Hee, na mie yule pale." "Na mama Rogers, kawa mzungu." Majivu yalikuwa yamewapaka wote bila kubagua.

"Video ni nzima," akasema Bi Zubeida. "TV ni nzima. Video imepigwa kwa mwanga mkubwa, TV hii haina meno ya kuutafuna. Nimeilainisha. Tazameni."

Flashi ya tatu.

Akaichomeka akiwa amewapa mgongo.

Nasra akatokea mkekani. Maji ya kunde. Liwa inateleza begani, ukuta nyuma mweupe, ua la asumini sikioni jeupe kuliko ukuta. Mtu mmoja akapiga kigelegele, kikapokelewa, kikazunguka ukumbi na kurudi.

Bi Thureya hakuwa amekwisha. "Ameipaka rangi kwenye simu," akasema. "Siku hizi simu zinapaka. Nitajuaje kama ndiyo rangi yake?"

Bi Zubeida alikuwa anamngojea hapo. "Simama."

"Nisimame kwa nini?"

"Simama na sare yako, njoo hapa kwenye TV. Nyie wote mna sare, kitambaa kimoja, kimetoka duka la Nawal. Rangi ya kanga hiyo mie siwezi kuipaka mwilini mwako hapa ulipo. Nyoosha pindo."

Wenzie wakamsukuma kwa mikono na vicheko mpaka akafika. Akanyoosha pindo la kanga yake kando ya kanga iliyokuwa kwenye kioo. Chungwa kwa chungwa. Zambarau kwa zambarau. Ungedhani ni kipande kimoja kimekatwa sasa hivi. Halafu Nasra mwenyewe akasimama kule nyuma, hakuna aliyemwambia. Akapita katikati ya viti, akachukua ncha ya ushungi wake, akafuta poda shavuni, akasimama kando ya sura yake kwenye TV.

Bi Thureya akaachia pindo. Vigelegele vilivyofuata, wanakwaya walioko nyumbani kwa Mama Felicitas walidhani ni maombi, wakaitikia.

Bi Nawal akaja mbele, anachezea bangili. "Bi Zubeida, nisamehe. Nilikuwa na uchungu wa mwanangu."

"Macho yangu yana nini?"

"Hayana kitu."

"Kwa sauti. Wa nyuma hawajasikia, na siku ile walisikia."

"Macho ya Bi Zubeida hayana kitu," akasema Bi Nawal, na ukumbi ukaitikia kama dua.

"Singo ya mdogo wake Nasra nitapiga mie. Ya kusamehe ni habari nyingine, uje uniulize mwakani."

Gladness alikuwa ameshafungua begi, si kwa kutoa kamera bali kutoa simu. "Bibi, shikamoo. Hiyo setingi ya kulainisha iko wapi? Mie kuna bibi harusi wa Kinyerezi amenirudishia video, anasema nimemfanya mzimu."

"Marahaba. Nitakuonyesha ukitema hiyo bigijii."

Akaitema.

Siku hizi ukienda kwa Bi Zubeida kumwita kwenye singo, hakuulizi tarehe kwanza. Anakuuliza, "TV mtakayotazamia ina meno?" Ukibabaika anakutuma ukasome boksi lake. Flashi anatoa mbili: ya uzi mwekundu kwa TV yenye meno, ya uzi mweupe kwa kibogoyo. Mama Felicitas mwanzoni alinuna TV yake kuitwa hivyo, sasa anajitangaza nayo mwenyewe, anawaambia wakodishaji, "Yangu ni kibogoyo, leteni uzi mweupe." Bi Thureya naye alituma mtu kuomba nakala. Alipewa. Ile ya majivu, iliyosimama pale pale alipoinua mikono.

Haroub alipiga simu Jumapili ile ile jioni.

"Shangazi, imekuwaje?"

"Zimetoka nyekundu."

"Alhamdulillahi. Kwa hiyo shangazi, na mie sasa umenisamehe?"

"Nimekwambia ya nyanya tu," akasema Bi Zubeida, akakata simu, akaenda kuziosha apikie mchuzi.